Kupanda Bustani kwa Mimea ya Linden

Ndani ya Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, watu wengi hununua miti madukani kabla hata ya kuitazama ile iliyomo tayari kwenye vifaa vya ujenzi. Mimi hupendelea kuanza na hiyo, yaani misonobari, mialoni, minazi, mikaratusi, makangaga na hata mwani wa kupanda chini ya maji, kwa sababu kila mmea huhesabiwa kuwa kitu kimoja tu katika kiasi kinachoruhusiwa kwenye kiwanja, na majani yake huyumba kwa upepo.

Ni kweli kwamba sura yake imechakaa na rangi zake hazibadilishiki, hivyo mti mmoja uliosimama peke yake karibu na mlango huaibisha nyumba nzima. Hata hivyo, ukiipanda kwa makundi nyuma ya kiwanja, ambako jicho halichunguzi sana, huwezi kuilaumu. Nyasi ndizo bora zaidi: fungu moja likipanuliwa hutawanyika na kufuata mabonde na miinuko ya ardhi yenyewe, ingawa juu ya sakafu iliyojengwa hazifai.