E-40 aliivusha hyphy bila kuichuja

Prodyuza wa Mombasa anayetaka ngoma yake ivuke Mtito Andei akae na albamu ya mchanaji E-40 ya mwaka 2006, My Ghetto Report Card. Mzee alikuwa na miaka 38, mkongwe wa Vallejo, California, mwenye lebo yake, Sick Wid It. Hyphy, mtindo wa rap wenye mchangamko mkali, ilishapikwa kwao, eneo la ghuba ya San Francisco, na kina Keak da Sneak na marehemu Mac Dre, aliyeuawa 2004. Albamu ikaingia nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard 200.

Alichobadilisha ni kidogo. Alimwita prodyuza Lil Jon wa Atlanta, ambaye redio wakati huo hazikumkatalia kitu, huku Rick Rock na Droop-E, mwanawe, wakishika biti nyingine. Misimu ya Vallejo, yaani maneno ya mtaani kwao, hakuigusa; asiyeelewa shauri yake. Huku kwetu wengi hupindua: biti wanaiga, Kimvita wanakifuta ili wasikike kama watu wa Nairobi.

Sikiliza Tell Me When to Go. Ni ngoma, makofi, bezi na vipande vya sauti za kundi la rap la Run-D.M.C., melodia karibu hakuna. Ile sauti ya Keak iliyokwaruza ndiyo inayojaza nafasi. Ukirundika kinanda hapo umeiua.

Sasa ukitaka kuweka chakacha kwenye uwazi kama huo, anza na tempo 100, yaani mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 600. Chakacha inaligawa kwa tatu, yaani 200 kila kipande. Gridi ya kawaida ya programu ya kutengenezea muziki inaligawa kwa nne, 150. Ukibonyeza kwantaizi (kitufe kinachosogeza mapigo yakae kwenye gridi) kabla ya kubadilisha gridi iwe tripleti, ule mgawo wa tatu, chapuo, ngoma ndogo ya chakacha, inavutwa hadi mahali si pake, na unabaki na kitu kinachokwaa bila sababu. Kiki, ngoma nzito ya biti, iache kwenye pigo la 1 na la 3, makofi 2 na 4, tripleti ipewe chapuo peke yake. Mchanaji achague mgawo mmoja kwa mstari mzima; kuhama katikati kunahitaji pumzi na mazoezi, na wengi hawana vyote viwili.

Bezi ndiyo inayowaangusha wengi. 808, bezi nzito ya mashine ya ngoma, ya Hz 50 inatikisa matatu ya Kisauni vizuri sana, lakini spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200, na wimbo husambaa kwa simu kwanza. Kuongeza bezi kwa EQ (kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba) hakusaidii: limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango, inashtuka na kuididimiza sauti ya mchanaji. Nakili treki ya 808, ichafue kwa distosheni (mkwaruzo wa makusudi), kata yote yaliyo chini ya Hz 150, kisha ipandishe taratibu chini ya ile ya asili hadi simu ianze kuionyesha. Pima kwa simu ya bei rahisi, si kwa hedifoni za studio.