Mtoto wa mama mkubwa

Leo ni tarehe 8 Desemba, siku aliyopigwa risasi na kufa John Lennon, mwanamuziki wa kundi la Beatles la Uingereza, nje ya jengo la Dakota, New York, mwaka 1980. Alikuwa na miaka 40. Watoto wamelala, nimeweka nyimbo zake kwa sauti ya chini, na kama kila mwaka, anayenijia kwanza ni mama yake mkubwa.

Aliitwa Mimi. Ajabu ya jina kwa masikio yetu! Alikuwa dada mkubwa wa Julia, mama mzazi wa John, na ndiye aliyemlea katika nyumba ya Menlove Avenue, Liverpool. Baba alikuwa baharia, hakai nyumbani. Julia alikuwa ameanza maisha na mwanamume mwingine, ila hakuwa mbali. Kijana alipokua alikwenda kwake mara kwa mara, akafundishwa kupiga banjo. Julai 1958 Julia alikuja kumwona dada yake. Akiondoka, gari likamgonga barabarani, karibu kabisa na hapo nyumbani. John alikuwa na miaka 17.

Nami nimelelewa na mama mkubwa, Tanga. Najua jinsi mtoto anavyoweza kuwa na mama wawili na bado akalala anajihisi hana hata mmoja. Najua na hasira inayofuata, isiyojua imwendee nani. Yangu ilimwangukia mwanawe wa mwisho, niliyempita miaka minne. Mama mkubwa mpaka leo anaamini lile kovu alilipata kwa kuanguka mwembeni.

Ndiyo maana kuliko wimbo wowote, narudia mahojiano aliyoyatoa John mwaka wake wa mwisho. Alikiri kwamba zamani alikuwa mtu wa ngumi, akipigana na wanaume na kuwapiga wanawake, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya yeye kuishikilia amani hivyo. Wapo waliomkatia tamaa kwa maneno hayo. Nawaelewa, maana aliyepigwa hana deni la kumsamehe mtu. Na Julian, mwanawe wa kwanza, alikua bila baba karibu, yaleyale yaliyompata John mwenyewe. Lakini mtaani kwetu mambo hayo yalisemwa na majirani, tena kwa kunong'ona. Sikuwahi kumsikia mwanamume akiyasema kwa kinywa chake.

Machi 1969 John alimwoa Yoko Ono huko Gibraltar. Walijua waandishi wa habari watawafuata popote, wakaamua kuwakaribisha chumbani. Fungate yao ilitimia siku saba hasa, katika hoteli ya Hilton, Amsterdam: wamekaa kitandani na nguo za kulalia, wakizungumzia amani na vita vya Vietnam kwa kila aliyeingia. Walichekwa sana. Wakarudia tena Montreal, na tarehe 1 Juni wakarekodi Give Peace a Chance mlemle chumbani. Novemba mwaka huohuo umati mkubwa uliokuja Washington kupinga vita uliuimba kwa pamoja.

Mwezi huo pia alimrudishia Malkia wa Uingereza nishani ya heshima aliyopewa, MBE. Barua yake ilitaja Uingereza kujiingiza katika vita vya Nigeria na Biafra, eneo lililojitenga nayo, ikataja Vietnam, halafu ikataja wimbo wake mmoja kushuka kwenye chati. Hilo la tatu linaniuma kila nikilisoma, kwa kuwa Biafra watoto walikuwa wanakufa kwa njaa. Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968, na nyumbani kwetu wazee walilitaja jina hilo kwa huzuni hata miaka mingi baadaye. Kulikuta kwenye barua ya mwanamuziki wa Liverpool kulinifanya nimwone kama mtu ninayemfahamu.

Nishani yenyewe ilikuwa ikitunzwa na Mimi. John aliichukua kwake bila kumweleza anaipeleka wapi, na mama mkubwa yule aliumia.

Hata alipohamia New York, serikali ya Marekani ikihangaika kumfukuza mpaka alipopata kibali cha ukaazi mwaka 1976, aliendelea kumpigia simu Mimi.

Wangu saa hizi amelala. Nitampigia alfajiri, akishaswali, nimweleze habari ya ule mwembe.