Springi ya valvu ilikatika, na hedi haikushushwa

Mafundi wengi wakishapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwao kesi imefungwa. Silinda zote nne za gari langu zilisoma kati ya baa 12 na 12.5, nikaambiwa injini ni nzima, nikatafute shida kwenye umeme. Kumbe springi ya valvu, ile inayoirudisha valvu ifunge, ilikuwa imekatika vipande viwili, na kipimo kile hakikuona chochote. Naeleza kwa nini hakikuona, maana kwa ugonjwa huu watu hununua koili, plagi, nozeli, hata pampu ya mafuta, na gari linaendelea kumisi vilevile.

Dalili zilikuwa hivi. Injini ikiwa saileni, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, ilitetemeka kidogo tu, mtu asiyelijua gari asingeshtuka. Ukikanyaga mafuta ikapita mizunguko 2500 kwa dakika, inaanza kukosa moto, inarudisha mlipuko mdogo kwenye njia ya hewa, na juu ya injini unasikia ta-ta-ta ya chuma. Taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma P0302, yaani silinda ya pili inakosa moto. Nikahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu: kodi ikabaki P0302. Nikahamisha plagi, ikabaki palepale. Nozeli nayo nikaihamisha, hakuna kilichobadilika. Hapo umeme na mafuta vimeshajitetea, na kilichobaki ni pumzi ya injini yenyewe.

Sasa turudi kwenye kompresheni. Unapoipima, injini inazungushwa na starta, mizunguko kama 200 hadi 250 kwa dakika. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo, kwa hiyo kila valvu inafunguka kama mara mbili tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, hata springi iliyokatika ina nguvu ya kuirudisha valvu kwenye kiti chake, kwa sababu vipande vyake viwili bado vinasukumana. Valvu inafunga, geji inapanda, unaambiwa kila kitu kiko sawa. Ila kwenye mizunguko 3000 valvu hiyohiyo inatakiwa ifunguke na kufunga mara 25 kila sekunde. Springi dhaifu haiwezi. Roka, mkono unaosukuma valvu, inaachana na kamshafti, valvu inachelewa kufunga, mchanganyiko unarudi ulikotoka. Ndiyo maana ya ule mlipuko kwenye njia ya hewa, na ndiyo maana ya kelele.

Kifaa kilichosema ukweli ni geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa inayoingia injini, ambayo siku hizi wachache wanaishika. Niliiunga kwenye manifoldi ya hewa. Injini ikiwa saileni mshale ulitikisika kidogo. Nilipoipandisha hadi mizunguko 2000 mshale ukaanza kupiga huku na huku kwa fujo, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo ulivyozidi. Mshale wa namna hiyo unakuelekeza kwenye springi za valvu. Nikafungua kifuniko cha tapeti, kile kinachofunika valvu juu ya injini.

Mdogo wangu ndiye aliyeshika taa. "Kaka, hii mbona imekaa upande?" Alikuwa ameiona kabla yangu. Springi ya valvu ya kuingiza hewa, silinda ya pili, ilikuwa imekatika kwenye mzunguko wa chini, na kipande cha juu kilikuwa kimejizungusha ndani ya kile cha chini kama parafujo kwenye nati, springi nzima ikawa fupi kuliko ya jirani yake. Kisahani cha juu kilikuwa bado kimeshika.

Fundi mmoja alinishauri hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba valvu juu ya silinda, ishuke. Sikukubali, na sababu zangu nazitaja wazi. Kushusha hedi ni kumwaga maji, kuvuruga taimingi (mpangilio wa kamshafti na krenki), kuweka gasketi mpya, na kwa injini nyingi bolti za hedi nazo ni mpya, kwa kuwa zile za zamani zimeshavutika. Kazi yote hiyo kwa springi ambayo inatolewa kwa juu! Hedi inashuka kama valvu imepinda, au kama kuna kipande cha springi kimeingia mahali ambapo huwezi kukifikia. Basi vitu hivyo viwili ndivyo vya kuthibitisha kwanza.

Tatizo la kutoa springi hedi ikiwa juu ni moja: ukiondoa koleti, vile vidude vinavyoshikilia kisahani cha springi kwenye shina la valvu, valvu inaweza kuteleza na kuangukia ndani ya silinda. Wengine huizuia kwa hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Mimi napenda kamba, kwa sababu hewa ikikatika valvu inaanguka, kamba haikatiki. Nililegeza skrubu za kurekebishia roka, kisha bolti za shafti ya roka kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati ili shafti isipinde, nikainyanyua yote. Roka zikishatoka, valvu zote zimefunga, na taimingi haijaguswa. Pistoni ya silinda ya pili nikaishusha kidogo kutoka juu, nikaingiza kamba ya nailoni iliyo laini na isiyochanika nyuzi, ncha ya nje nimeifunga fundo. Halafu nikazungusha puli ya krenki kwa mkono, polepole, mpaka ikagoma. Hapo kamba imejaa juu ya pistoni na inazisukuma valvu kwenye viti vyake.

Matundu ya kurudishia oili niliyaziba yote kwa vitambaa safi. Koleti ni vidude vidogo sana, kimoja kikitumbukia humo utalazimika kukitafuta kwenye karteri, bakuli la oili chini ya injini. Kisahani nilikigonga kwanza kwa nyundo ya plastiki juu ya soketi ili koleti ziachie, ndipo nikabana springi na kuzivuta kwa sumaku.

Vipande viwili vya springi nikavisafisha na kuviunganisha pale vilipokatikia. Vilikaa sawasawa, hakuna punje iliyopotea. Nilifurahi sana hapo. Nikaviangalia kwa lenzi. Upande wa ndani wa waya, mahali ambapo springi hubeba mkazo mkubwa zaidi, kulikuwa na kidoa cha kutu kisichozidi kichwa cha pini. Kuanzia hapo chuma kilikuwa laini, kinang'aa, kimetanuka kama upepeo. Sehemu iliyobaki ilikuwa na chembechembe kavu. Hiyo laini ni ufa uliokuwa ukikua taratibu kila valvu inapofunguka, na ile ya chembechembe ndiyo iliyokatika kwa mara moja mwishoni. Springi hii haikuuawa na mwendo kasi. Gari lilisimama muda mrefu, unyevu ukaganda ndani ya hedi, oili ilikuwa ya zamani, kutu ikachimba shimo dogo.

Kwa valvu yenyewe, nilizungushia mpira mdogo kwenye shina lake isianguke, nikalegeza kamba kidogo, nikaizungusha kwa vidole. Ilizunguka bila kuyumba wala kugoma. Imenyooka.

Nikaweka sili mpya ya shina, maana kuacha ya zamani wakati umeshafika hapo ni uvivu. Springi mpya ilikuwa na mizunguko iliyobanana upande mmoja, na upande huo hukaa chini, kwenye hedi. Koleti nilizipaka grisi ili zing'ang'anie shina springi inapoachiwa. Kisha nikabadilisha pia springi ya jirani yake, halafu za silinda nyingine zote, kamba ikihama tundu hadi tundu. Kutu haichagui silinda, na springi hizo zilikuwa zimeoga unyevu uleule.

Shafti ya roka nikaifunga kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha gari. Nafasi za valvu, yaani uwazi kati ya roka na valvu, nikazipanga injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.20 za kuingiza hewa na 0.30 za kutoa moshi, ndivyo injini hii inavyotaka. Yako soma kitabu chake.

Geji ya vakyumu niliirudisha kabla hata ya kufunga vifuniko vya juu vya plastiki. Kwenye mizunguko 2000 mshale ulitulia, kwenye 3000 ukatulia pia. Kodi nikaifuta, haijarudi. Oili nilimwaga gari lilipopata joto, na baada ya kilomita 1000 nitafungua tena kifuniko cha tapeti nipime nafasi za valvu upya, kwa sababu springi mpya zina nguvu kuliko zile zilizotoka.