Mteja wangu kamjua mtoto wa siri kabla ya polisi

Nikishafunika cherehani hapa Mbuyuni, Moshi, usiku naandika hadithi ya mauaji. Mzee wa Marangu anakutwa amekufa kwenye mfereji wa maji tarehe 23 Desemba, watoto wote wamesharudi kula Krismasi. Kijana anayemkatia ng'ombe majani kumbe ni damu yake, na kitinda mimba wa nyumba kubwa ameshalinusa hilo.

Najua, mtoto wa siri amechosha. Kila tamthilia ina wake. Ila kwetu Uchaggani siri hiyo ina bei, nayo ni kihamba, shamba la ukoo. Kwa mila, boma la baba huachiwa wa mwisho wa kiume. Sasa atokee mwingine mdogo kuliko wewe!

Nilijiandaa vizuri kweli. Sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yarudi: nusu ya vinasaba vya kijana ni vya marehemu. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 niliisoma. Kumbe mahakama ikitafuta mzazi haiangalii vipimo tu. Inaangalia pia daftari la vizazi na mambo ya kimila aliyomfanyia mtoto. Hapo kwenye mila nikaparuka, nikaona ni maneno ya mawakili.

Juzi mama mmoja kaja kupimwa gauni. Nikamsomea sura ya pili huku pini ziko mdomoni.

"Huyo mkata majani umemwitaje?"

Nikamtajia. Jina nililipenda tu, nilikuwa nimeshampa baba wa yule mzee marehemu kwenye sura ya kwanza.

"Ni uzao wa kwanza wa mama yake?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka futi ikanitoka mkononi. "Mwanangu, wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba. Huyo mwanamke alishawatangazia wote siku alipomwita mtoto. Polisi wako wanapima nini?"

Nikalifuta usiku uleule. Asubuhi nikalirudisha. Sasa kijiji kizima kinamwita kwa jina la ubatizo. Lile la nyumbani mama yake atalitamka mara moja tu, sura ya tisa, udongo ukianza kutupwa kaburini.

Gauni lenyewe ni la kipaimara Jumapili hii, na zipu bado sijaweka.