Siku Moja Maishani Mwangu: Kupeleka Sinema Visiwani

Watu wengi mjini, nikiwaambia kwamba kazi yangu ni kupeleka sinema, bao na vitabu kwa wakazi wa visiwa vya Koma na Kwale, kusini mwa Dar es Salaam, hunijibu kwamba nimepata kazi ya kustarehe. Naandika siku moja ya wiki iliyopita ili waione ilivyo.

Saa 9 usiku nilikuwa Mbagala na mwenzangu tukipakia jenereta, spika mbili, pazia, bao mbili na sanduku la vitabu vya watoto. Projekta huifunga kwa nailoni mara mbili, kwa sababu chumvi ya bahari ikishaingia ndani haitoki tena. Saa 12 asubuhi tulikuwa Kisiju, pwani ambako boti za visiwani huondokea.

Tarehe zetu huamuliwa na mwezi. Usiku wa giza ndio unaoifaa sinema, lakini ndio pia ambao wavuvi wa dagaa huwasha taa zao baharini, na kijiji hubaki bila wanaume. Kukiwa na mbalamwezi wako nyumbani, ila picha hufifia. Kwa hiyo tunachagua siku mbili baada ya mwezi mpevu, ambapo wavuvi bado wamepumzika na mwezi huchelewa kuchomoza, tukapata kama saa moja ya giza. Lakini siku hizo ni za bamvua, yaani bahari hujaa sana, na maji yanapokupwa hukupwa kwelikweli.

Siku hiyo yalikuwa yakupwe kabisa saa 5 asubuhi, kwa hiyo boti ilipaswa kuondoka kabla ya saa 2. Mwenye boti, ambaye tulikwisha kumlipa, alisema anangoja gari moja la saruji. Nilimwambia, “Mzee wangu, maji yanatoka.” Akanijibu, “Mwanangu, bahari hii naijua kabla hujazaliwa.” Saa 2 ikapita. Saa 2 na nusu niliyaona maji yakiteremka kwenye mizizi ya mikoko, tope likianza kung'aa, na kila nilipomfuata aliniambia gari limeshapita Mkuranga. Saruji ilifika saa 3, na wakati huo boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Kisha akataka tulipie nauli ya mtu mmoja zaidi kwa ajili ya spika, kwa kuwa zimechukua nafasi ya abiria. Tulilipa. Kilichoniumiza ni kauli yake kwamba sinema ya watu wa kisiwani inaweza kungoja, saruji haiwezi. Watu wale hawana ukumbi, na wengine hupita miezi bila kuona onyesho lolote. Kwao jioni moja iliyoandaliwa vizuri ni haki, nami sikubali kuwapelekea iliyofanywa nusunusu.

Tulikaa juani zaidi ya saa tano. Abiria waliomba bao, wakacheza kutoka namua, hatua ya kwanza ya mchezo, hadi mtaji, hatua ya pili, na nilipokusanya kete nikazipata 63 badala ya 64.

Boti ilielea baada ya saa 8 mchana. Tulishuka kisiwani tukiwa tumelowa, tukaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji kumwonyesha kibali cha filamu, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, hairuhusu kuonyesha hadharani filamu ambayo haijapitishwa. Watoto walinizunguka kwa shikamoo. Nikawaambia kuhusu kete iliyopotea, kisha nikaisahau.

Pazia lilikuwa linajaa upepo wa kusi. Nilikuwa nikilikaza zaidi, mpaka mvuvi mmoja akanishika mkono: “Kaka, hili ni tanga. Ukilikaza hivyo litachanika.” Akazilegeza kona za chini upepo upite, akafunga fundo ambalo sikuwahi kulijua, pazia likatulia.

Tulianza na ngoma ya akina mama wa hapohapo, tuliyoirekodi safari iliyopita. Bibi mmoja alisimama na kusema mpigaji amekosea, turudishe. Tukarudisha. Wakabishana, tukarudisha tena, na mara ya tatu mpigaji mwenyewe akakiri. Giza letu lote liliishia hapo. Filamu ilipoanza mwezi ulikuwa umekwisha kupanda juu ya minazi, nyuso kwenye pazia zikawa kama zimemwagiwa maziwa, lakini sikumwona hata mmoja aliyeondoka.

Sikumbuki tulimaliza saa ngapi. Nilikuwa nimepiga magoti nikifuta lenzi kwa kitambaa, macho yakijifumba yenyewe, mtoto mmoja wa kike alipokuja na komwe la kijivu kiganjani, mbegu tunayoichezea kama kete, bado lina mchanga. Nilizimwaga kete zote kwenye mkeka tukazihesabu pamoja, yeye kwa sauti, hadi 64. Boti ilikuwa iondoke alfajiri, maji yakijaa.