Safari ya Pili Walikwenda Lini?

Wakati wa bamvua la mwezi uliopita, mjomba wangu, ambaye ni fundi wa majahazi hapa Bagamoyo, alipandishiwa jahazi la mteja pale ufukweni karibu na soko la samaki, likaegemezwa magogo ili maji yakitoka aweze kulikagua chini ya tumbo. Nilimkuta akigonga ubao mmoja baada ya mwingine kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio, kwa sababu ubao mzima hutoa mlio mkali na ubao uliooza hutoa mlio mzito. Nilipomwamkia aliitikia bila kuinua uso. Alipopumzika nikamwonyesha kwenye simu picha za roketi aina ya Falcon 9, ambayo kipande chake cha chini, yaani busta, hurudi kutoka angani na kusimama wima juu ya tishari katikati ya bahari. Alitazama mara mbili, akanirudishia simu, akauliza: "Na safari ya pili walikwenda lini, mjomba?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu wengi wetu tunaoshabikia mambo haya hushangilia kutua na kufunga simu, ilhali kazi yenye thamani huanza pale moshi unapotulia.

Jibu la swali lake ni kwamba safari ya pili ilichelewa. Kampuni ya SpaceX ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kutua busta ya Falcon 9 tarehe 21 Desemba 2015 huko Cape Canaveral, Florida, wakati huku kwetu tayari ilikuwa alfajiri ya tarehe 22. Busta ile haikuruka tena. Ilisimamishwa nje ya yaliyokuwa makao makuu ya kampuni wakati huo huko Hawthorne, California, na mpaka leo ipo pale kama pambo. Tarehe 8 Aprili 2016 busta nyingine ilitua juu ya tishari kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyorushwa tena tarehe 30 Machi 2017, ikibeba setilaiti ya mawasiliano ya kampuni ya SES ya Luxembourg. Kati ya kutua na kuruka tena ulipita karibu mwaka mzima, na viongozi wa SpaceX walieleza baadaye kwamba, licha ya kuifungua na kuikagua sana, gharama ya kuiandaa ilikuwa chini ya nusu ya gharama ya kutengeneza mpya.

Ili mtu aelewe kwa nini ukaguzi ni mzito kiasi hicho, ni lazima afahamu mambo yanayoipata busta njiani. Ina injini tisa zinazounguza mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Baada ya dakika mbili na nusu hivi huachana na sehemu ya juu, na katika safari nyingi za kutua baharini huwa wakati huo inakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 8,000 kwa saa. Hapo hujigeuza, huwasha injini chache ili kupunguza mwendo kabla ya kuingia katika hewa nzito, kisha hujiongoza kwa mapezi manne ya titaniamu yaliyotobolewa kama wavu. Mwishoni huwasha injini moja ya katikati, au tatu, na hapa ndipo pana ugumu wake: tangi likiwa karibu tupu, hata injini moja iliyopunguzwa nguvu kabisa huisukuma busta kwa nguvu iliyozidi uzito wake, kwa hiyo haiwezi kuning'inia hewani na kusubiri. Kasi yake inatakiwa kufika sifuri wakati uleule miguu inapogusa sitaha. Nahodha anayeingia bandarini kwa tanga bila injini anaijua hesabu hiyo. Akilishusha tanga mapema chombo kinasimama kabla hakijafika, akilichelewesha anagonga ukuta.

Ikisharudi, busta huwa imepakwa masizi meusi kutoka katika moshi wa injini zake yenyewe. Watu hudhani kazi ni kuiosha, lakini masizi yana madhara madogo kuliko nyufa. Mwaka 2017 wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza hadharani kuhusu nyufa katika sehemu zinazozungusha pampu za mafuta za injini hizo, na ilibidi sehemu hizo zisanifiwe upya. Toleo lililoanza kuruka Mei 2018 lilikusudiwa kwenda safari kumi bila matengenezo makubwa. Kumi zilifika mwaka 2021, na ilipofika Agosti 2025 busta moja ilikuwa imeruka mara 30. Machi 2025 busta nyingine iliruka mara mbili ndani ya siku tisa tu. Namba hiyo ya siku, kwa maoni yangu, inaeleza mengi kuliko picha yoyote ya kutua.

Nasema hivyo kwa sababu kurudi peke yake hakujawahi kutosha. Vyombo vya anga vya Marekani vilivyoitwa Space Shuttle, vilivyoruka kati ya 1981 na 2011, navyo vilirudi, na roketi zao za pembeni zilishuka kwa miavuli katika Bahari ya Atlantiki, zikavutwa na meli mpaka pwani, zikafunguliwa vipande, zikasafishwa chumvi na kujazwa baruti upya. Chombo chenyewe kilifunikwa vigae zaidi ya 20,000 vya kukinga joto, ambavyo vilihitaji kukaguliwa baada ya kila safari. Muda mfupi kuliko wote kati ya kuruka na kuruka tena kwa chombo kimoja ulikuwa siku 54, mwaka 1985, na matengenezo yakala faida yote iliyotarajiwa.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Kaskazini mwetu, nje kidogo ya Malindi, Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco lililorusha roketi kati ya 1967 na 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 lilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Setilaiti hiyo ilichunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na jina letu likaingia katika vitabu vya wanaastronomia. Kipande cha chini cha roketi iliyoibeba kilitumbukia katika Bahari ya Hindi, na hakuna aliyetarajia kukiona tena.

Nilimweleza mjomba pia kwamba tangu Aprili 2021 wanaanga hupanda roketi ambazo busta yake ilishatumika, nikidhani atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. Alisema chombo cha kuogopa ni kipya, kwa kuwa hakuna anayejua kinavuja wapi. Kilichokwenda Unguja na kurudi mara kumi, kila mtu anajua ugonjwa wake.

Kisha nikamsimulia habari ya busta iliyowapeleka wanaanga wawili mwezi Mei 2020, ambayo baadaye ilifikisha safari 19. Desemba 2023 ilitua salama juu ya tishari, lakini ikiwa njiani kurudishwa bandarini upepo na mawimbi makali vikaiangusha. Ilikuwa na miguu ya aina ya zamani, na mabusta mapya yana miguu inayojisawazisha yenyewe sitaha inapoinama.

"Waliifunga kwa kamba gani?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kamba hawatumii, kuna roboti inayotambaa sitahani na kuingia chini ya busta kuishika kwa kitako, ila bahari ikichafuka sana kazi hiyo huwa ngumu. Aliguna, akachovya uzi wa pamba katika mafuta, akaniomba nimshikie ncha yake wakati anaanza kukalafati upande wa tezi kabla maji hayajarudi.