Oda ya Madaftari Elfu Mbili

Katika mwaka wangu wa pili wa kusomea uchumi wa biashara chuoni, tulipangwa wawiliwawili kuwasilisha mazoezi ya semina. Zoezi lililotuangukia mimi na mwenzangu lilihusu kiwanda cha kubuni cha madaftari. Kiwanda hicho kiliweza kutengeneza madaftari 10,000 kwa mwezi lakini kilikuwa kikiuza 7,000 tu, kwa bei ya 12 kila moja (zoezi halikutaja sarafu, nami sitaibuni). Gharama za kudumu, yaani kodi ya jengo, mishahara ya walinzi na mengineyo ya aina hiyo, zilikuwa 28,000 kwa mwezi, na kila daftari lilihitaji karatasi, wino na vibarua vya thamani ya 6. Akatokea mteja mpya anayetaka madaftari 2,000, lakini kwa bei ya 8 tu. Je, kiwanda kiikubali oda yake?

Niliona jibu liko wazi. Ukigawa 28,000 kwa madaftari 7,000 unapata 4. Ukijumlisha na zile 6, gharama ya wastani ni 10. Nani mwenye akili timamu atauza kwa 8 kitu kinachomgharimu 10? Juu ya msingi huo nilijenga wasilisho la slaidi 22, lenye michoro ya rangi, na nililihangaikia kwa wiki tatu. Mwenzangu alishughulikia utangulizi, na sehemu ya mahesabu akaniachia, kwa kuwa nilijisifu kwamba hesabu ni fani yangu.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, tukiwa maktaba, alichukua mojawapo ya nakala 30 nilizokwisha kuchapisha, akaisoma polepole, kisha akaweka kidole chake juu ya ile 4.

"Ndugu yangu," aliniambia, "hii kodi ya jengo wameshailipa. Oda ije isije, mwenye nyumba atachukua chake. Mbona tunamtoza mteja huyu?"

Nilimwelewa papo hapo, na hilo ndilo linalonitia haya hadi leo. Ningekuwa sikumwelewa, ningeweza kujitetea kwa ujinga. Nilimjibu kwamba tumefanya kazi wiki tatu, kwamba nakala zimekwisha kuchapishwa, na kwamba haiwezekani kubomoa kila kitu saa nne za usiku. Aliniangalia kidogo, akafunga begi lake. Wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu katika daftari langu habari za ndege ya Concorde, ambayo Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuiunda mwaka 1962 na kuendelea kuigharamia hata matumaini ya faida yalipofifia. Maneno "gharama zilizozama", yaani fedha zilizokwisha kutumika ambazo hazirudi hata ukiamua vipi, niliyapigia mistari miwili chini.

Asubuhi niliwasilisha kwa sauti ya kujiamini. Mhadhiri wetu, mzee mpole asiyependa kumkatiza mtu, alisubiri hadi slaidi ya mwisho, ndipo akauliza swali moja: "Kiwanda kikiikataa oda hii, ni gharama ipi itakayopungua?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Kodi isingepungua, wala mishahara ya walinzi. Kilichokuwa kikiepukika ni zile 6 za karatasi, wino na vibarua, ambazo mara 2,000 ni 12,000, ilhali mteja alikuwa akileta 16,000. Kwa kuikataa oda, nilikuwa nimekishauri kiwanda kiache 4,000 mezani na kuridhika na faida ya 14,000 badala ya 18,000. Mwenzangu, ambaye angeweza kabisa kusema kwamba alinionya, alichukua chaki na kuandika mahesabu hayo ubaoni kana kwamba tulipanga hivyo tangu mwanzo.

Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini mhadhiri alinigeukia tena. Alisema kwamba zipo sababu za maana za kuikataa oda ile: huenda wateja wa zamani wakapata habari za bei ya 8 na kuidai na wao, huenda mwezi unaofuata akatokea mnunuzi wa bei ya 12 na nafasi ikawa imejaa, na huenda mteja mpya akaizoea bei hiyo ilhali, kwa muda mrefu, kiwanda hakiwezi kuishi bila kulipa kodi yake. "Ungeweza kuutetea uamuzi wako kwa njia tatu, bwana," alisema, "nawe umechagua ya nne." Darasa lilicheka, na mimi nikacheka nalo, ingawa masikio yalikuwa yakiwaka moto.

Tulipewa alama ya wastani, na nina hakika kwamba nusu yake ilitokana na ile chaki. Jioni nilimtafuta mwenzangu nimwombe radhi. Nilimkuta maktaba, kwenye meza ileile, amegeuza zile nakala 30 juu chini na anafanyia mazoezi ya unyumbufu wa mahitaji (jinsi mahitaji yanavyobadilika bei inapobadilika) upande usioandikwa. Alinisogezea nusu yake bila kusema neno. Zilitutosha hadi mwisho wa muhula.